Mwenye Mzigo Apite Kwanza

Jumapili baada ya ibada mlinizuia mlangoni mwa kanisa, ninyi wanakwaya wenzangu, mkitaka niwaeleze safari nzima nikiwa nimesimama na njaa yangu. Niliwaambia mnisubiri. Sasa nimekaa, chai ipo, viazi vinachemka jikoni, na nitasimulia kwa utaratibu, maana nimesikia Kifanya nzima inasema kwamba Yusta aligonga lori Iringa. Sikugonga lori. Sikugonga hata baiskeli. Nimeendesha pikapu kutoka hapa hadi Dodoma na kurudi, gari limerudi na taa zake zote, na Baba amerudi na jicho linaloona. Nikijisifu kidogo mnivumilie, nimesubiri muda mrefu kupata la kujisifia.

Mambo ya miadi na makaratasi ya hospitali nayaruka, hayana utamu. Aliyeuliza kwa nini hatukwenda hospitali ya Ikonda iliyo karibu, jibu ni mdogo wangu Betina. Yeye ni muuguzi huko Dodoma, na alisema kama Baba anatolewa mtoto wa jicho basi atapona akiwa nyumbani kwake, ambako atamwangalia asipande juu ya paa kukagua mabati siku ya pili. Mnamjua Baba. Betina hakukosea.

Lakini kabla sijawasha gari, lazima niseme kitu kimoja ambacho wengi wenu mnakijua nusu. Baba ameendesha malori ya magogo maisha yake yote ya kazi. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu ndipo alipoamua kunifundisha mimi, akiwa amekaa kiti cha abiria, akisikiliza. Nikichelewa kubadili gia alijua. Nikikanyaga klachi nusu alijua. Alinifundisha kwa masikio, na alikuwa hajawahi kuniona hata mara moja nikiendesha. Na mtu akimuuliza kama bado anaendesha, jibu lake lilikuwa lile lile: "Naendesha. Yusta ananishikia usukani tu."

Ananishikia usukani. Kama vile mtu anavyokushikia kikapu ukifunga kamba za viatu. Nimepeleka viazi mnadani kwa usukani huo, nimewapeleka baadhi yenu kujifungua, na bado nilikuwa mshikaji. Kwa hiyo naomba mjue: nilitaka jicho lake lipone, na nilitaka pia, kwa nguvu zile zile, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mimi ni dereva.

Kifanya hadi Njombe

Tuliondoka asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya misonobari. Baba alivaa koti lake la mvua ingawa hapakuwa na mvua, akaweka mkono dirishani, na akaanza kunitajia kona kabla hazijafika. "Hapa pana shimo kushoto." Shimo lilikuwepo. "Hapa punguza, kuna watoto wa shule." Watoto walikuwepo. Barabara hiyo ameibeba kichwani.

Kabla hatujatoka kwenye njia ya vumbi tulikutana na lori la magogo. Nilirudi nyuma hadi penye nafasi, nikajibanza ubavuni, likapita likiunguruma. Hiyo ndiyo sheria ya msituni na hakuna aliyeiandika popote: mwenye mzigo apite kwanza. Gari tupu ndilo linalotafuta pa kujibana, kwa sababu aliyebeba akisimama kwenye mlima hataondoka tena. Kwa Baba hiyo si sheria ya magari tu. Hata kwenye njia ya kisimani, mwanamke mwenye ndoo kichwani akija, Baba na umri wake huteremka kwenye majani kumpisha. Nimelelewa hivyo, nanyi mmelelewa hivyo.

Njombe tulisimama kunywa chai na chapati. Baridi ilikuwa ya kushika kikombe kwa mikono miwili. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na Baba kwenye mashine ya mbao alikuja kumsalimia, wakashikana mikono kwa muda mrefu.

"Kamwene, Mzee Lazaro. Bado unaendesha?"

"Kamwene. Naendesha. Naenda Dodoma. Yusta ananishikia usukani tu."

Yule mzee alinitazama, akatazama macho ya Baba, akatutakia safari njema. Nami nilimeza chapati yangu ilivyokuwa.

Makambako

Makambako upepo ulitupokea kabla ya watu. Na tairi la nyuma likaamua kwamba safari imeishia hapo. Fundi wa pancha alikuwa na uchangamfu kuliko haraka. Alichomoa msumari, akaniita niuone, akamwita jirani yake auone, akasema huo ni msumari wa seremala wa Njombe, wa Makambako ni mfupi. Tulikaa hapo hadi jua lilipokuwa kali.

Katika kukaa huko ndipo alipotokea Mama Zawadi. Alikuwa mama mnene mwenye kitenge cha kijani na magunia mawili ya njegere, amesimama kando ya pikapu. Akamuuliza Baba, "Iringa?"

Baba alidhani anaulizwa tunakokwenda. Kwa adabu akajibu, "Iringa, mama, tena tunapitiliza. Karibu."

Basi mama wa watu akajua amepata usafiri. Nilipomaliza kukaza nati nilikuta njegere zimeshapakiwa nyuma, naye amekaa katikati ya kiti, mkoba mapajani, akiniuliza tunasubiri nini. Nilimwangalia Baba. Baba alikuwa anamsimulia habari za kupasuliwa jicho. Ningemshushaje mtu aliyekaribishwa na baba yangu? Nilipanda, nikawasha. Alilipa nauli yake kwa bakuli la njegere na kwa maneno, na maneno ndiyo yalikuwa mengi. Kuanzia Makambako hadi Mafinga tulijua watoto wake wote na wakwe zake wote, na yupi kati yao anapika wali ukashika chini.

Iringa

Hapa ndipo hadithi yenu ya lori ilipozaliwa, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Mimi nilikuwa sijawahi kuendesha kwenye kipilefti. Nilikuwa nimevipita nikiwa abiria kwenye basi, nikila karanga, nikitazama maua ya katikati. Baba naye maisha yake yalikuwa msitu, mashine ya mbao na Makambako. Kwa hiyo tulipopanda mjini Iringa na nikaona ule mzunguko mbele yangu, magari yakizunguka kama watu wanaotafuta mlango, nilipunguza mwendo, nikaona nafasi, nikaingia. Mpaka hapo sikuwa na kosa.

Nikiwa ndani, nikaona upande wa kushoto Fuso limejaa mbao hadi limeinama, limesimama likisubiri kuingia. Mguu wangu haukuniuliza. Ulikanyaga breki. Nikasimama katikati ya mzunguko, nikampungia dereva wa Fuso mkono: pita, umebeba.

Naye akanipungia: pita wewe.

Nikampungia tena. Ndipo akaamua kuniamini, akaanza kuingia na mbao zake zote, na wakati huo huo basi dogo lililokuwa ndani, kulia kwangu, likamtokea mbele. Lilifunga breki hadi nikasikia mpira unalia. Fuso likafunga breki. Nyuma yangu bajaji ikakwepa, bodaboda akapanda ukingo wa maua. Hakuna aliyegusana na mwenzake. Lakini honi zilizopigwa hapo nadhani zilisikika Mafinga.

"Dada," Mama Zawadi alisema kwa utulivu wa kutisha, "humu ndani umesimama kufanya nini?"

"Nimempisha mwenye mzigo."

"Vema," Baba alisema.

Trafiki alikuja, dada mrefu mwenye sare nyeupe. Alinielekeza nitoke, niegeshe pembeni. Aliniuliza kwa nini nilisimama ndani ya mzunguko, nikamweleza sheria yetu yote, magogo, mlima, kujibanza. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Njoo usimame hapa na mimi, uangalie."

Tukasimama kwenye kona kama watu wanaosubiri mgeni. "Tazama yule kabla hajaingia," alisema. "Amepunguza mwendo, anaangalia kulia. Aliye ndani anatokea kulia kwake, kwa hiyo anampisha. Akipata nafasi anaingia, na akishaingia hasimami kumkaribisha mtu. Wa nje ndiye anayesubiri."

"Hata kama wa nje amebeba?"

"Hata kama amebeba nyumba. Ukisimama ndani, aliye nyuma yako hajui kwa nini umesimama. Wewe unamfanyia wema mmoja, unawaumiza watano."

Akanionyesha mengine. Anayekwenda kushoto au moja kwa moja akae njia ya kushoto. Anayekwenda kulia, au anayegeuza kurudi alikotoka, akae njia ya ndani, awashe indiketa ya kulia, na akikaribia kutoka awashe ya kushoto ili wengine wajue. Usimpite mtu ndani ya mzunguko. Lori refu liachie nafasi, kwa sababu mkia wake huja kwako hata kama kichwa kimekwenda kwingine. Na unapotoka, angalia kivuko, maana hapo ndipo mama mwenye mtoto mgongoni huwa anavuka.

Baba alikuwa ametoa kichwa dirishani akisikiliza. Aliita, "Mwanangu, mwenye mzigo anapishwa."

"Shikamoo, mzee," afande alijibu. "Huko kwenu msituni mko sawa kabisa. Hapa si huko."

"Marahaba," Baba alisema, akarudisha kichwa ndani na kupandisha kioo.

Afande aliniacha niende bila kunitoza kitu ila ahadi. Mama Zawadi alishuka sokoni na njegere zake. Aliniambia, "Umenitisha, lakini umenitisha kwa adabu." Usiku ule tulilala kwenye nyumba ya wageni, na Baba alikula wali na maharage bila kusema neno kuhusu kipilefti. Mimi nilikuwa naupanga mzunguko juu ya meza kwa maharage, moja likisubiri, moja likipita, hadi mhudumu akaniuliza kama chakula kina kasoro.

Mtera

Kutoka Iringa barabara inashuka, joto linapanda, na misonobari inabaki nyuma kama ndugu waliokataa kuja. Baba alivua koti, halafu sweta. Huku hakujua kona hata moja. Kwa mara ya kwanza tangu anifundishe, hakuwa na cha kunitajia. Mimi ndiye niliyeanza kumtajia: hapa mibuyu, hapa ng'ombe wanavuka, sasa bwawa, maji yako kushoto na kulia.

Tulisimama kula perege wa kukaanga. Baba alimpapasa samaki kwa vidole, akamtoa miiba yote bila kuona, akaniwekea mimi mnofu. Yule ni mtu aliyenipishia mnofu tangu nikiwa mdogo, na mimi nilikuwa njiani nikitamani sifa kutoka kwake.

Alipomaliza kunawa alisema, "Yule binti wa Iringa alisema hata kama amebeba nyumba?"

"Alisema hivyo, Baba."

"Hm," alisema. Hiyo "hm" tuliibeba hadi Dodoma.

Dodoma

Betina alinielekeza kwa simu, naye kama mjuavyo huelekeza mtu kana kwamba mtu huyo amezaliwa Dodoma. "Ukifika kipilefti kikubwa, kulia." Kikubwa kipi? Vyote vilikuwa vikubwa kwangu. Lakini nilipokiona nilikijua. Kilikuwa kipana, njia mbili mbili, magari yakiingia kila upande, na sisi tulikuwa tunakwenda kulia, maana yake ni kukizunguka karibu chote.

Nilikaa njia ya ndani. Nikawasha indiketa ya kulia. Nikapunguza mwendo hadi gia ya pili, nikaangalia kulia, nikasubiri daladala lipite, nikasubiri gari dogo jeupe lipite. Aliye nyuma yangu alipiga honi. Nikamwacha apige. Nafasi ilipokuja, nikaingia.

Tulipofika nusu nikalisikia kabla sijaliona, na Baba alilisikia kabla yangu. Kushoto, kwenye mdomo wa barabara, lilikuwa semitrela limejaa saruji, likiunguruma kwa gia nzito. Masikio ya Baba hayajawahi kudanganywa na injini.

"Amebeba yule," alisema. "Mpishe."

Wenzangu, nilikuwa sijawahi kumkatalia Baba ndani ya gari. Sauti yake ndiyo iliyonifundisha kila kitu ambacho mguu wangu unakijua. Akisema punguza, napunguza kabla sijafikiri. Na mguu wangu ulikwenda kwenye breki, niliuhisi unakwenda, na nyuma yangu kulikuwa na basi, na pembeni bodaboda aliyebeba mama na mtoto.

"Hapana, Baba," nilisema.

"Yusta. Mwenye mzigo apite kwanza."

"Na mimi nimebeba, Baba. Nimekubeba wewe."

Sikukanyaga breki. Niliendelea kuzunguka kwa mwendo ule ule. Semitrela lilisubiri, na halikufa kwa kusubiri. Nikawasha indiketa ya kushoto, nikaangalia kioo, nikasubiri bodaboda yule aende zake, nikatoka, nikamwona kijana anavuka na baiskeli yake, nikamwachia avuke. Kisha nikapumua.

Getini kwa Betina, Baba alipokaribishwa alisema amechoka anataka kulala. Nilikaa sebuleni nikijua nimeendesha vizuri kuliko nilivyowahi kuendesha maishani, na nikijua pia kwamba huenda nimemvunjia heshima baba yangu. Nilipomsimulia, Betina akaniambia, "Dada, ungesimama ungeua mtu." Nilijua. Haikunisaidia kulala.

Habari ya upasuaji ni fupi, kwa sababu daktari naye alikuwa mfupi wa maneno. Ulikwenda vizuri. Kesho yake walimtoa bandeji nami nikiwa mbele yake. Alipepesa, akatoa chozi la dawa, akanitazama kwa muda.

"Una mvi," alisema.

"Ninazo, Baba."

"Hakuna aliyeniambia."

Nililia hapo hapo, na muuguzi akanikaripia kwamba nitamwambukiza mgonjwa kilio.

Kurudi

Tulikaa kwa Betina hadi daktari aliporidhika. Siku ya kuondoka Baba alipanda kiti chake akiwa na miwani myeusi, na hakutazama barabara. Alitazama mikono yangu, halafu miguu yangu, halafu vioo. Aliniangalia kama anavyoangalia ubao kabla ya kuununua.

Tulipoingia kwenye kile kipilefti kikubwa, alisema, "Usitoke. Zunguka tena."

Nikazunguka. Alivua miwani, jambo alilokatazwa. Aliangalia wanaosubiri nje, wanaoingia, wanaotoka. Lori la mchanga lilikuja upande wa kushoto, limejaa, nikamwona anavuta pumzi kutaka kusema, kisha akaiachia. Lori likasubiri. Sisi tukapita. Lilipopata nafasi likaingia nyuma yetu, na gari dogo lililokuwa linafuata kuingia likasubiri kulipisha.

"Kumbe naye akiingia anapishwa," Baba alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Tena mara moja."

Tukazunguka tena. Nadhani kuna watu Dodoma bado wanasimulia habari za pikapu la Njombe lililopotelea kwenye kipilefti. Mwishoni akavaa miwani yake, akasema, "Twende nyumbani," na akaanza kula karanga.

Iringa nilimtafuta yule afande nimpungie, hakuwepo. Nilipita kipilefti chake kama alivyonifundisha, na nasikitika hakuniona. Makambako upepo ulikuwa bado upo. Njombe tulinunua mkate. Nami kimoyomoyo nilikuwa nimeshajiambia basi, jicho limepona, hayo mengine niyaache, mtu wa umri wake habadili maneno.

Tukaingia njia yetu ya vumbi jua likiwa bado juu ya miti. Pale kwenye mlima, karibu na kisima, lori la magogo likaja mbele yetu limejaa. Baba alilitazama, kisha akanitazama. Nilirudi nyuma, nikajibanza ubavuni hadi majani yakaingia dirishani. Tulikuwa tumerudi kwenye sheria yetu. Lori lilipita polepole, mlango wa dereva ukiwa karibu kugusa mlango wangu. Alikuwa mmoja wa wale vijana waliojifunza kazi kwa Baba. Aliinama kumtafuta Baba kupitia kwangu, kama wanavyofanya wote.

"Kamwene, Mzee Lazaro! Umepona? Bado unaendesha?"

Baba alivua miwani. Alijisogeza mbele hadi bega lake likanigusa, ili asikike juu ya injini.

"Mimi abiria," alisema. "Dereva ni huyu hapa."

Yule kijana alinitazama, safari hii mimi, akagusa kofia yake. "Kamwene, dereva," alisema, akapita na mzigo wake.

Nilikuwa nimekusudia, siku hiyo ikija, niseme neno zuri. Badala yake niliweka gia ya kwanza, na kwa furaha nikachelewa kuachia klachi, gari likaruka kama la mwanafunzi. Baba alisikia, bila shaka. Alitazama nje ya dirisha, akajifanya hajasikia.